Fundi Aliyepima Watu Wakiwa Wamepiga Magoti

Asela na Levina, wadogo zangu wa cherehani,

Mlisema niandike, maana nikisimulia kwa mdomo naruka huku na huku kama senene kwenye taa. Haya, naandika. Mwenzenu nimestaafu. Msicheke. Najua mstaafu anatakiwa awe na mvi na saa ya ukutani aliyozawadiwa na wenzake. Mimi mvi sina, na saa hamkunipa. Lakini daktari alinisikiliza kifua, akauliza nafanya kazi gani, nikamwambia mimi ni fundi cherehani, nashinda kwenye vumbi la vitambaa. Akasema kifua changu na vumbi hilo haviwezi kukaa nyumba moja, kimoja kihame. Vumbi halina pa kwenda, nimehama mimi. Sasa niko nyumbani Izimbya, nachavusha maua ya vanila kwa kijiti, ua moja moja, na kila ua likishika naota nimejenga kiwanda.

Vyeo na mishahara naviruka. Cheo nilikuwa nacho kimoja tu, "msichana wa Ma Adventina", na mshahara wenyewe haujazi mstari. Nataka kumwandika yeye. Ninyi mmemkuta Kamachumu akiwa tayari amepunguza kazi, anavaa miwani juu ya miwani, anashona jua likiwa kali tu. Na niliwahi kuwasikia kwa masikio yangu mkimwambia mteja, "Ma anashona nguo za akina bibi, wewe njoo kwetu." Sikukasirika. Hata mimi nilipofika nilidhani hivyo hivyo. Sasa nadhani yule mama ndiye mbunifu mkubwa kuliko wote niliowahi kuwaona, na mnajua kwenye simu yangu nimewaona wengi, wa Dar, wa Lagosi, wa kila mahali.

Shule iliniishia kidato cha pili. Nilifika Kamachumu asubuhi ya ukungu, ule ukungu wa kwetu unaoficha mgomba wa pili, nikiwa na mkoba mmoja na simu iliyojaa picha za mishono. Nilipenda solo, ile inayobana mpaka magotini halafu inafunguka chini kama mkia wa samaki. Nilikuwa nimepanga kumwonyesha huyo mama mambo ya kisasa. Chumba ni kile kile mnachokijua, nyuma ya duka la vyombo. Nikamkuta anatia mkaa kwenye pasi. Nikamwamkia huku nimekunja magoti nusu, kimjini.

Akanitazama kuanzia chini kwenda juu. "Piga magoti."

Nikaona aibu imenipanda mpaka masikioni. Kwetu msichana anamwamkia mkubwa akiwa chini, hilo nalijua tangu naanza kutembea, na hapa nimekuja kuomba kazi nakunja nusu! Nikashuka moja kwa moja kwenye sementi. "Shikamoo, Ma."

"Marahaba. Kaa hivyo hivyo."

Akavuta tepu shingoni, akanipima. Kutoka kiunoni mpaka goti linapogusa sakafu. Kuzunguka nyonga, nikiwa chini vile vile. Kutoka nyuma ya shingo mpaka kisigino nilichokikalia. Nikauliza, "Ma, unanishonea nguo?"

"Naangalia unavyokunjika."

"Na nikisimama?"

"Ukisimama hata mimi nakuona. Mafundi wengi wanapima mti. Mtu siyo mti."

Huo ndio ulikuwa usaili wangu. Hakuuliza najua nini. Alinipa fagio.

Sasa niwaeleze namna yake ya kazi, maana ninyi mmeiona vipande vipande mkadhani ni uzee. Mteja akija, Ma hampimi akiwa amesimama mpaka awe amempima amekaa, amepiga magoti, na ameinua mikono kama anayechuma kahawa kwenye tawi la juu. Pimeni wenyewe kama hamniamini: kiuno cha mtu aliyekaa siyo kiuno cha mtu aliyesimama. Wateja wengine walikuwa wanacheka. Mwalimu mmoja alimwambia, "Ma, nimekuja kushona sketi, siyo kusali." Ma akamjibu, "Basi hiyo sketi usije nayo kanisani." Mwalimu akapiga magoti.

Jambo la pili, nguo yoyote kabla ya kukunjwa pindo la mwisho, msichana wa kazi anaivaa. Anafagia nayo. Anachuchumaa kupuliza mkaa wa pasi. Anakaa kwenye mkeka na kuinuka bila kushika kitu. Mimi nilikuwa navaa gauni la mke wa katekista huku nikipuliza mkaa, jasho la hofu linanitoka, cheche moja tu ingetosha kunirudisha Izimbya. Ma anakaa kwenye kigoda, anatafuna akamwani, zile kahawa zetu kavu, na kuangalia. Ikivuta mahali, anasema neno moja: "Fumua." Hakuwahi kusema pabaya ni wapi. Unatafuta mwenyewe.

Ilinisumbua sana akili, maana magauni yake yakitundikwa ukutani yalikuwa kama magauni ya kila mtu. Marefu, kola ya kawaida, mkono wa kawaida. Nikawa najiuliza, kazi yote hii inaingia wapi? Kama kuna kitu ndani, mbona hakionekani?

Nilipata jibu kanisani. Jumapili moja nilichelewa, nikakaa benchi la nyuma kabisa. Ilipofika wakati wa kupiga magoti, kanisa zima likashuka, na mimi nikaona kitu ambacho labda hakuna mwingine aliyewahi kukiangalia. Magauni yalipanda. Moja linaonyesha mkunjo wa goti, jingine limebana mgongoni mpaka zipu inalia, wengine wanavuta kitambaa nyuma kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika rozari. Lakini katikati yao kulikuwa na akina mama waliotulia. Nguo zao zilishuka pamoja nao, zikafunika visigino, zikakaa. Mikono yao yote miwili ilikuwa inasali. Nikawatambua mmoja mmoja. Wote ni wateja wa Ma.

Tangu siku hiyo nikawa nakaa nyuma kila Jumapili. Padri alidhani mimi ni mnyenyekevu.

Nilimwuliza Ma, "Unafanyaje?" Akanipa gauni lake kuukuu. "Fumua." Nikalifumua uani, kwenye jua. Ndani ya mshono wa ubavu nikakuta rinda limekunjwa ndani kwa ndani, limefungwa juu kwa nyuzi chache kama mlango uliorudishwa bila kufungwa. Ukisimama, limelala, huwezi kulijua. Ukishuka, linafunguka. Ukiinuka, linarudi. Nililikunja na kulikunjua mpaka jirani akauliza kama nina homa. Jinsi ya kulifanya lirudi bila pasi, hiyo niliendelea kuitafuta kwa muda mrefu, na nitawaambia: ni namna kitambaa kinavyokatwa mshazari, halafu kinaachwa kimening'inia siku kadhaa kichoke kabla hakijashonwa. Msikate na kushona siku hiyo hiyo. Kitambaa nacho kinataka kupumzika, kina safari ndefu.

Basi mimi na moyo wangu huu mnaoujua, nikaona dunia imjue. Nikampiga picha msichana mmoja amevaa gauni la Ma, nikaiweka mtandaoni. Watu wakaipita kama mlango wa ofisi iliyofungwa. Mmoja tu alisimama, akaandika: "Hii ni sare ya kwaya?"

Ma akauliza, "Wamesemaje?"

"Wamesema ni sare ya kwaya."

"Kwaya gani?"

"Hawajataja, Ma."

"Kama ni ya kigango chetu, basi wamesifia." Akaendelea na kazi.

Nilitaka kulia kwa niaba yake, yeye hakuwa na habari. Ndiyo shida ya kazi yake, wadogo zangu. Haipigiki picha. Picha inasimamisha mtu, na uzuri wa Ma unaanza mtu anapojikunja.

Sasa nifike kwa Koku.

Jina lake ni Kokugonza, mwalimu wa chekechea, kwao Kagondo, kule Bukoba. Alikuja na mama yake, muda si mrefu kabla ya sendofu yake. Msichana mrefu, mcheshi, ila anaingia mlangoni kwa kutanguliza mguu wa kulia. Pikipiki ilimwangusha miaka ya nyuma, na goti la kushoto likapona vibaya. Linakunja nusu, halafu linakataa. Anatembea vizuri tu, na asiyemjua haoni kitu. Lakini kupiga magoti ni shida, na mnajua sendofu ya kwetu: binti anawaaga wazazi na wazee, na anawaaga akiwa chini, mbele ya ukumbi mzima.

Mafundi wawili wa mjini walikuwa wamemshonea magauni. Mazuri, nilionyeshwa picha, hata mimi niliyatamani. Yote mawili yalikuwa yamembana huo mguu usionekane. Akijaribu kushuka, mguu unataka kwenda pembeni, gauni linaukatalia, anakwama katikati.

Mama yake akasema, "Ma, usihangaike sana. Tumeshaongea na wazee. Atainama kidogo pale pale alipo, mshereheshaji ataeleza, watu watamsamehe."

"Sitaki kusamehewa, Mama," Koku akasema. "Sijamkosea mtu."

"Mwanangu, ni maneno tu."

"Ni maneno ya kipaza sauti. Siku yangu yote itakuwa goti. Watu watarudi nyumbani wanazungumzia goti."

Ma akaweka mkasi chini. "Mama Koku, waitu, hebu nenda kaangalie soko letu. Ndizi za leo ni nzuri." Mama akaelewa, akatoka. Ma akavuta kigoda. "Piga magoti nikuone."

Koku akanitazama mimi, kama anayeuliza huyu mama ni mzima. Nikamwambia, "Hata mimi nilianza hivyo hivyo."

Akashika meza, akajaribu. Goti la kulia likatangulia, la kushoto likaenda zake pembeni, sketi ikapanda upande huo mpaka pajani, na alipotaka kuinuka akawa ameshalikalia pindo la mbele kwa goti lake mwenyewe. Akabaki pale, hashuki, hapandi. Akaanza kucheka, kile kicheko ambacho ukikigusa kinakuwa kilio. Nikataka kumshika. Ma akaniashiria niache. Kisha yeye mwenyewe akashuka kwenye kigoda, akakaa sakafuni, uso kwa uso na yule binti.

"Jenesta," akaniita. "Mguu unaenda wapi?"

"Unaenda pembeni, Ma."

"Basi gauni nalo liende pembeni. Mguu haufichwi. Mguu unapewa njia." Akamgeukia Koku. "Tutajaribu. Siahidi kitu."

Kazi hiyo ndiyo ngumu kuliko zote nilizowahi kuziona pale, na kwa kuwa nilikuwa mdadisi niliiganda kama kupe. Ma aliamua ubavu wa kushoto upate kipande kipana kilichofichwa ndani ya mshono, ili mguu ukienda pembeni kitambaa kiufuate na kuufunika mpaka vidoleni. Kipande cha kwanza tulichoweka kilifunguka vizuri, ila Koku akisimama kilichomoza nyuma kama mkia wa jogoo. Fumua. Cha pili kililala vizuri, ila akipiga magoti kilichelewa, mguu unafika kabla ya nguo. Fumua. Ma akatafuna akamwani siku nzima. Jioni akasema, "Kinahitaji uzito."

Kesho yake nikatumwa Bukoba, kwa wauza nyavu, kununua risasi ndogo kabisa, zile zinazovuta wavu uzame. Muuzaji akaniangalia kucha zangu zilizopakwa rangi.

"Dada, unavua samaki gani?"

"Bi harusi."

"Huyo atataka ndoano kubwa zaidi."

"Keshavuliwa na mwingine, kaka. Mimi namzamisha tu."

Akacheka mpaka akaniongezea risasi za bure. Tukazishona ndani ya pindo la kile kipande, na kweli kikaanza kushuka haraka, kwa adabu. Ila ziligongana. Koku akitembea, anasikika kama mbuzi mwenye njuga. Ikabidi kila risasi ivalishwe kipande cha flana. Kule mbele Ma alikata pindo likiwa na upinde mdogo, goti la kulia lifike chini bila kulikanyaga, na ndani akaweka kigodoro chembamba pale goti linapotua. Kwa nje, wadogo zangu, lilikuwa gauni la satini ya rangi ya maziwa, refu, la kawaida. Asela, wewe ungelipita.

Kwenye majaribio ya mwisho Koku alishuka na kuinuka, akashuka na kuinuka. Halafu akakaa kwenye kochi, akashika kichwa.

"Ma, na nikianguka?"

Mimi ningesema huwezi kuanguka. Ma akafikiri kwanza. "Ukianguka, utaanguka umefunikwa. Hilo nimelitengeneza. Mengine ni yako na Mungu."

Koku akacheka, safari hii kicheko cha kweli.

Siku ya sendofu tulikwenda Kagondo mapema, mimi na Ma, na sindano na uzi kwenye mkoba. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi. Hema lilikuwa uani, kati ya migomba, na zulia jekundu lililokodiwa lilikuwa limelowa kabisa, wamelitupa juu ya ua likichuruzika kama nguo ya mgonjwa. Shangazi yake Koku, dada mkubwa wa baba yake, bibi mmoja mwembamba anayeongea kwa fimbo, akaagiza zikatwe nyasi mbichi zitandikwe chini, kama wazee walivyokuwa wanatandika nyumbani. Nyasi zikamwagwa. Uzuri wake! Harufu ikajaa hema zima.

Lakini mimi moyo ulinilipuka. Tulijaribu kwenye sementi. Tulijaribu kwenye mkeka. Kwenye nyasi hatukujaribu, tena nyasi zilizolowa, zinateleza, na risasi zinaweza kunasa. Nikamnong'oneza Ma. Akainama, akachukua unyasi mmoja, akauzungusha vidoleni, akauacha. "Tuone," akasema. Uso wake ulikuwa kama wa mtu anayesubiri maji yachemke.

Tulikaa nyuma, karibu na masufuria. Muziki ukapigwa, Koku akaingia. Anatembea taratibu, gauni linamfuata. Mbele wazee wamekaa kwenye viti, shangazi katikati, baba yake pembeni. Nikamwona mama yake Koku anampitia mshereheshaji, anamnong'oneza. Nikajua. Hakuweza kuvumilia. Ni mama, hakutaka mwanawe aaibike.

Mshereheshaji akainua kipaza sauti. "Ndugu wageni waalikwa, kabla binti yetu hajawasalimu wazee, kwa ruhusa yao, naomba niseme neno dogo. Binti yetu, kama baadhi yenu mnavyofahamu, kwa sababu ya ile aj..."

Koku akashuka.

Hakumsubiri. Goti la kulia likatua kwenye nyasi, mguu wa kushoto ukaenda pembeni, na ule ubavu ukafunguka. Nilikuwa naujua, nilikuwa nimeushona kwa vidole vyangu hivi, na bado sikuona ulivyofunguka. Niliona tu satini imetulia mduara kumzunguka, kama maziwa yaliyomwagwa polepole. Mikono yake yote miwili ilikuwa imefumbatwa mbele. "Shikamoo, Shangazi."

Mshereheshaji akabaki mdomo wazi, kipaza sauti kinavuma. Halafu, Mungu ambariki, akakishusha.

Shangazi alimtazama yule binti chini pale. Yeye alikuwa anajua habari ya goti kuliko wote, ndiye aliyemwuguza. Akanyoosha mkono akamshika shavu. "Marahaba, mwana wange. Marahaba." Wanawake wakapiga vigelegele. Na sasa ndiyo ilikuwa sehemu niliyokuwa naiogopa, ya kuinuka. Koku akabonyeza paja la kulia kwa kiganja. Unyasi mmoja ulikuwa umenata kwenye pindo, ukainuka naye kidogo, ukaanguka. Akasimama. Akasogea kwa baba yake, akashuka tena.

Nikamgeukia Ma nimlalie begani. Nikakuta hatazami mbele. Amempa bi harusi ubavu, anaangalia watu kwenye viti, mstari kwa mstari.

"Ma! Hukuona?"

"Gauni nalijua. Nilikuwa naangalia macho ya watu."

"Yameangalia nini?"

"Uso wake," akasema. "Hakuna hata mmoja aliyeangalia chini."

Mbele yetu alikaa mama mmoja wa mjini, kilemba kimesimama kama mnara. Akamwinamia mwenzake. "Gauni lenyewe la kawaida tu, wangemshonea kitu cha kisasa. Lakini huyu binti amefundwa! Umeona anavyopiga magoti? Wasichana wa siku hizi hawawezi."

Nikavuta pumzi nimwambie. Nilikuwa na maneno mengi, yote yamepanga foleni. Ma akanibana mkono chini ya kitenge, akanibana kweli kweli, na nilipomtazama mabega yake yalikuwa yanatikisika. Anacheka. Machozi yanamtoka chini ya miwani yote miwili. Sijawahi kumwona mtu amefurahi vile kwa kusemwa vibaya.

"Mwache," akaninong'oneza. "Amesifia vizuri kuliko wote."

Nimefikiri sana kuhusu hilo, hata huku kwenye vanila. Mimi bado nataka watu wamjue, ndiyo maana naandika. Nadhani inawezekana yeye awe na haki ya kutotaka na mimi niwe na haki ya kutaka. Ninyi mtaamua. Ila mteja akija msimwambie tena habari za akina bibi. Mwambieni apige magoti.

Chakula kilipoanza kugawiwa, wageni wakawa na sahani zao, hakuna tena aliyekuwa anasalimiwa wala kuagwa. Mimi na Ma tulikuwa tumekaa kwenye mkeka karibu na moto, na ebitoke, ndizi zetu za kupika, na nyama kwenye sinia moja. Tukashtukia satini inapita kati ya masufuria. Koku, peke yake, amewatoroka wapambe.

"Nimewatafuta! Wamewaweka huku?"

"Huku ndiko nyama iliko," Ma akasema.

Akashuka. Hakuangalia chini, hakushika kitu. Akashuka tu kama mtu anayefika kwa ndugu zake, akachomoa kipande cha ndizi kwenye sinia letu, na akaanza kutusimulia jinsi mshereheshaji alivyomfuata baadaye kuomba radhi, jinsi mama yake alivyolia mpaka wanja ukafika kidevuni, jinsi mchumba wake alivyomwuliza nyasi zimetoka wapi. Anaongea, anacheka, anakula. Ma anamsogezea nyama. Mguu wa kushoto umelala pembeni umefunikwa vizuri, umesahaulika.

Kule mbele kipaza sauti kikaanza kuita: bi harusi wetu yuko wapi, jamani, bi harusi anatafutwa, keki inasubiri. Wakaita tena. Na yeye alikuwa pale pale kwenye moshi, amepiga magoti, anatafuta kipande kingine cha ndizi.